Fundo la Chini ya Leso

Kazi ikifika mwisho, Mwalimu Nakhumicha aliwapa wanafunzi wake mgongo. Ndivyo alivyofanya kwa miaka kumi na sita katika kile chumba cha nyuma ya kanisa, mjini Bungoma, na wote waliopita pale walizoea. Mwanafunzi angetunga mkufu wiki mbili nzima, nyuzi kumi na moja za nailoni zikilala bapa kifuani, rangi kwa rangi, mpaka ncha zibaki zikining'inia kama ndevu za mahindi. Hapo anainuka na kuupeleka mbele. Mwalimu anaupokea, anageuza kiti kuelekea dirisha lenye pazia, anatandaza leso mapajani, kisha mikono yote miwili inaingia chini ya leso pamoja na mkufu. Leso inatikisika kidogo. Kabla hujamaliza kujikuna, mkufu umetoka umefungwa, na ukitafuta fundo hulioni. Halafu anawasha kiberiti, anachoma ncha zilizobaki mpaka nailoni inayeyuka na kuwa kidonge kigumu kisichofunguka, na mambo yamekwisha.

Na fundo hilo halikuwa mchezo. Nailoni ni shetani anayeteleza. Ukiifunga kama kamba ya mbuzi inafunguka mtu akiwa madhabahuni, na shanga zinamwagika mpaka chini ya viti. La Nakhumicha halikufunguka hata siku moja. Kwa hiyo mtu hata awe amehitimu, amepewa cheti, amepigwa picha na mchungaji, bado kila mkufu alioutunga huko kwake ilibidi aurudishe Bungoma kufungwa. Walikuja kutoka Webuye, walikuja kutoka Kibabii, wakaketi kwenye benchi na mikufu yao mapajani wakingoja kama wagonjwa.

Mengine yote alifundisha, na alifundisha vizuri, tusimnyime haki yake. Ila mdomo, jamani! "Wewe, hizi ni shanga umetunga au ni njugu umemwaga?" "Hii rangi umeichagua ukiwa macho?" Mtu akilia, anaambiwa atoke nje alie huko, asilowanishe uzi.

Alikuwa na sababu yake ya kuficha. Zamani, kabla ya Bungoma, alikuwa na darasa Matulo, na rafiki wa kufa na kuzikana aliyekuwa akimsaidia. Alimfundisha huyo rafiki kila alichojua. Mwaka haukuisha, rafiki alikuwa ameketi kwenye kiti chake, wanafunzi ni wale wale, na Nakhumicha yuko nje na sindano zake kwenye karatasi ya nailoni. Alilia wiki moja. Wiki ya pili akaanza kubuni fundo, na akaapa kwamba hilo atakwenda nalo kaburini.

Basi mwaka wa 2001 akaja msichana kutoka Cheptais, jina lake Chelangat. Vidole vya Chelangat vilikuwa havihitaji kuambiwa mara ya pili. Mwezi wa kwanza alikuwa amewapita waliotangulia, mwezi wa tatu akawa anawasahihisha. Nakhumicha alimpenda, na kwa sababu hiyo hiyo akaanza kumwogopa. Siku moja, leso iko mapajani na kiti kimeshageuzwa, Chelangat akauliza mbele ya darasa zima:

"Mwalimu, mbona unageuka?"

"Jua linaniumiza macho."

"Lakini dirisha si ndilo liko huko unakogeukia?"

Darasa likacheka. Likacheka kweli, wakashika mbavu, hata yule mama wa kwaya asiyecheka kamwe. Nakhumicha alifunga mkufu, akachoma ncha, akageuka, akamwambia Chelangat achukue sindano yake aende, na asikanyage pale tena.

Angeishia hapo tungesema ni hasira tu. Lakini hakuishia hapo. Aliposikia Chelangat amepata kazi ya kufundisha wasichana Kitale, katika kituo kimoja cha masista, aliandika barua kwa mkono wake mzuri wa darasani. Alisema kwamba yule dada ana vidole virefu, kwamba Bungoma aliondoka na shanga zisizo zake, na kwamba wafunge makabati. Chelangat alifukuzwa siku barua iliposomwa. Nakhumicha alipopata habari alikula chakula chake akamaliza. Baadaye akasikia tena kwamba Chelangat amefungua darasa lake mwenyewe hapo hapo Kitale, na kwamba mikufu anaifunga kwa kulabu za chuma za kununua. Hilo alilisimulia kila mahali. "Kulabu! Kama mnyororo wa mbwa!"

Sasa sikiliza kilichompata.

Asubuhi moja ya mwezi wa tano, mwaka wa 2005, aliamka akanyoosha mkono wa kulia achukue leso, na mkono haukwenda. Aliutazama. Aliuamuru. Ulilala pale kitandani kama mgeni. Hospitalini daktari alimwambia ni kiharusi kidogo, na kwamba ashukuru mguu na mdomo vimepona. Vidole huenda vikarudi, huenda visirudi. Mdomo ulikuwa umepona, ndiyo, na mji mzima ungeweza kushuhudia.

Nakhumicha hakumwambia mtu. Aliuzungushia mkono bendeji kuanzia vidole mpaka karibu na kiwiko, akasema amechomwa na uji. Watu wakasema pole. Wiki ya pili wakasema pole tena. Wiki ya tatu wakaanza kutazamana. Na wakati huo mikufu arobaini ilikuwa imelala mezani, ya buluu na nyeupe, nyuzi zinaning'inia, yote ya akina mama wa kanisa ambao wangeivaa kwenye sherehe yao. Imetungwa vizuri ajabu. Haikubaki kitu ila kufunga.

Jumanne akaja Nangila, mwenyekiti wa kamati ya akina mama. Nangila hakuwa mtu wa kupiga kelele. Alikuwa mbaya zaidi: alikuwa mpole.

"Mwalimu, mikufu yetu imefika wapi?"

"Iko tayari. Imebaki kufunga tu."

"Na kufunga kunangoja nini?"

"Kunangoja mkono upone, Mama. Uji ulikuwa moto."

"Pole sana. Sasa si mwanafunzi mmoja akufungie? Uko nao kumi na wanne hapa."

Wale kumi na wanne wakainamia shanga zao, na wengine walikuwa wanacheka na meno yamefungwa.

"Hawajui," Nakhumicha akasema.

"Hawajui nini?"

"Kufunga."

Nangila alisogeza miwani yake juu ya pua na kumtazama kama anayesoma maandishi madogo. "Miaka kumi na sita, Mwalimu. Hakuna hata mmoja anajua kumaliza?" Akagusa ncha za mkufu mmoja mezani. "Basi ni hivi. Jumamosi nataka mikufu. Isipokuwa imefungwa, kamati itatafuta mwalimu anayemaliza kazi yake. Chumba ni cha kanisa, unajua." Akamshika bega kwa upole na akaenda zake.

Siku hiyo Nakhumicha hakula. Bila kile chumba alikuwa nani? Mjane mwenye mkono mmoja, wa kuulizwa na wakwe kama amekunywa chai. Awafundishe wale kumi na wanne? Wale waliomchekea kwenye meno? Mmoja akijua asubuhi, wote wanajua jioni, na Jumatatu hakuna anayemhitaji. Matulo ilikuwa haijamtoka mwilini. Alihitaji mtu mmoja tu, mwenye vidole vya kushika jambo kwa kuona mara moja, aliye mbali, mwenye darasa lake, asiyetaka kiti chake. Aliwapitisha wote kichwani, akarudia tena, na kila mara alifika kwa jina lile lile. Akalitukana, lakini halikuondoka.

Alhamisi saa nne asubuhi alikuwa Kitale, kikapu cha mikufu arobaini kimening'inia mkono wa kushoto. Darasa la Chelangat lilikuwa nyuma ya duka la mbegu na mbolea, na harufu ya mbolea ilikuwa imeingia mpaka kwenye pazia. Ndani kulikuwa na wanawake kumi na wawili wakitunga, na Chelangat katikati yao, amenenepa kidogo, koleo ndogo mkononi. Alimwona Nakhumicha mlangoni. Akamaliza kumwonyesha mwanafunzi alichokuwa akimwonyesha, akanywa maji, akafuta midomo, ndipo akasema:

"Mama Wanjala."

Si Mwalimu. Mama Wanjala, kwa jina la mwanawe, vile mtu anamsalimu jirani kwenye foleni ya maji. Ilimchoma Nakhumicha mpaka utosini.

"Habari yako, Chelangat?"

"Yangu unaijua. Si ni wewe uliisambaza?"

Sindano za wanawake zikabaki hewani. Nakhumicha akatafuta pa kukaa.

"Kiti hakuna," Chelangat akasema. Kiti kilikuwepo. Kilikuwa na mkoba wake juu.

"Tuongee nje, tafadhali."

"Hapa hatuna mambo ya nje. Sema, hawa wako na masikio."

Nakhumicha akashusha kikapu sakafuni. Alikuwa amepanga maneno mazuri njiani, na sasa hakuna hata moja lililokubali kutoka. "Nimekuja kukufundisha fundo."

Ah! Chelangat hakutikisika, lakini koleo ilishuka mezani yenyewe. Msichana mmoja aliyeketi karibu na dirisha, Everlyne, mwepesi wa ulimi, akauliza, "Fundo gani hiyo, Teacher?"

"Huyu mama ana fundo," Chelangat akasema bila kumwondolea Nakhumicha macho. "Nimeharibu mikufu yake saba nikilitafuta. Naenda sokoni, nanunua, nakata. Ndani nakuta kidonge cha nailoni kimeungua. Nikikata kidonge, nabaki na unga. Mikufu saba! Na miaka miwili nilikuwa nakaa darasani kwake nikiangalia mgongo." Kisha akamgeukia. "Kwa nini leo?"

"Nina mikufu arobaini ya kanisa. Mkono umechomwa na uji. Unifungie hii, na fundo ni lako. Lako na langu peke yetu. Usimpe mtu, na usiseme nilikuja."

"Ala! Kumbe hujaja kunifundisha. Umekuja kunituma."

"Chelangat, mwanangu..."

"Mimi si mwanao. Mwanao ungemwandikia barua kama ile?" Sauti yake ilikuwa imeanza kutetemeka, na ilimkasirisha kwamba inatetemeka. "Yule sista aliniita mbele ya wasichana niliokuwa nafundisha. Akamwaga mkoba wangu juu ya meza. Hakupata kitu, na bado akanifukuza. Na nyumbani je? Mama mkwe wangu alianza kufungia sukari kwa kabati nikija. Mpaka leo anafungia! Ati nina vidole virefu. Hukuona haya?"

"Hayo ni ya zamani."

"Kwangu si ya zamani, ni ya kila siku ninapokunywa chai. Sasa hivi, mbele ya hawa, sema kama mimi ni mwizi. Ukimaliza, tutaongea fundo."

Nakhumicha aliangalia mlango. Jumamosi ilikuwa keshokutwa. Aliangalia zile nyuso kumi na mbili, vijana kwa wazee, hakuna hata moja iliyokuwa upande wake.

"Hukuiba," akasema.

"Sauti."

"Hakuiba! Chelangat hakuiba hata punje ya shanga! Nilisema uongo! Mmetosheka?"

"Kwa nini ulisema?"

Hapo angeweza kudanganya tena, na uongo ulikuwa tayari mdomoni. Lakini alikuwa amechoka kusimama. "Kwa sababu darasa lilicheka," akasema.

Chelangat alitikisa kichwa polepole. Alitegemea kitu kikubwa kuliko hicho. Miaka yote hiyo alidhani kuna jambo, kuna kosa fulani alilofanya bila kujua, na kumbe ni kicheko cha asubuhi moja. Akaondoa mkoba kitini.

"Kaa. Lakini hapa hakuna kugeuka. Na hiyo leso uliyojifunga, ikae hapo hapo kiunoni."

"Hawa watoke kwanza."

"Hawatoki. Mimi nafundisha na mlango wazi. Hutaki, barabara ya Bungoma unaijua."

Nakhumicha alikaa. Wanawake wakasogeza viti, wakamzunguka, wengine wakasimama nyuma wakichungulia juu ya mabega. Chelangat alitoa mkufu wa kwanza kikapuni, akautandaza mezani, akashika ncha za nyuzi. Na lazima isemwe, kwa sababu baadaye hakuna aliyemsadiki: wakati huo Nakhumicha aliamua kutoa. Kitu ndani yake kililegea. Alisema moyoni, liende, wajue wote, mradi nirudi na kazi imefungwa.

"Haya," akasema. "Hizi ziko kumi na moja. Shika sita, acha tano."

"Sita zipi?"

"Za... Za juu. Hapana. Ngoja. Sita tu, zenyewe zinakuja."

Chelangat akashika sita.

"Sasa zipitishe chini."

"Chini ya zile tano?"

"Chini. Halafu unarudi."

"Narudi wapi, juu ama katikati?"

"Unarudi hivi," Nakhumicha akasema, na ule mkono wenye bendeji ukaruka kidogo mezani, ukaanguka. "Hivi! Halafu unakaza, lakini si kukaza. Unaachia kwanza. Ukisikia imekubali, ndio unakaza."

"Imekubali nini?"

"Utasikia!"

Everlyne akaguna. "Ati utasikia. Si hivyo hata mimi naweza kufundisha, bana."

Walicheka. Jasho lilikuwa limeanza kumtoka Nakhumicha chini ya kitambaa cha kichwa. Alikuwa amefundisha kutunga maelfu ya shanga, anajua kusema kushoto, kulia, ruka mbili, rudi moja, maneno ya kila kitu anayo. Ya hili hakuwa nayo. Hakuwahi kulisema kwa sauti hata mara moja, hata kwa nafsi yake, na sasa akifungua mdomo hakuna kilichokuja. Alinyakua zile nyuzi kwa mkono wa kushoto, ajaribu mwenyewe, na mkono wa kushoto ukazunguka kama mlevi anayetafuta mlango. Nyuzi zikateleza. Shanga za buluu zikamiminika mezani, zikaruka, zikaanguka sakafuni mpaka nje kizingitini.

Chelangat alisimama.

"Hata leo," akasema. Uso ulikuwa umemwiva. "Umetoka Bungoma mpaka Kitale kuja kuninyima! Unanifanya mjinga mbele ya wanafunzi wangu, kwangu! Wewe mama una roho gani?"

"Nakupa! Haki ya Mungu nakupa yote!"

"Unanipa 'hivi'? Unanipa 'utasikia'? Unajua tu kwamba nitakufungia kwa huruma halafu uende. Chukua kikapu chako. Toka!"

"Chelangat, sijui njia ya kusema!"

"Toka!"

Nakhumicha akaingiza meno kwenye bendeji. Aliivuta kama mtu anayemenya muwa, ikafunguka, ikajiviringisha mapajani, na mkono ukatokea. Ulikuwa safi kabisa. Hauna kovu, hauna lengelenge, ngozi nyororo ya mtu ambaye hafanyi kazi, na vidole vimejikunja ndani. Akauinua kwa mkono wa kushoto, akauweka juu ya meza katikati ya shanga.

"Uji haukuwepo," akasema. "Ni kiharusi. Umekufa huu. Wiki ya tano."

Hakuna aliyesema pole. Mwanamke mmoja wa nyuma alijifunika mdomo. Chelangat aliutazama ule mkono kwa muda mrefu. Alikuwa ameuota miaka, ule mkono, alikuwa ameuonea wivu, ameulaani, na sasa umelala mbele yake na hauna la kumficha.

"Kwa hivyo umekuja kwa sababu umeisha," akasema. "Si kwa sababu umejuta."

"Ndiyo," Nakhumicha akajibu.

Chelangat alikaa tena. Si kwa huruma, usidanganyike. Alichukua mkufu mwingine kikapuni kwa sababu alikuwa fundi, na fundi akiambiwa kuna njia hawezi kuacha kuitafuta. Akashika sita, akaacha tano. Akapitisha chini ya zile tano, akarudi juu, akakaza. Akauvuta, fundo likateleza. Akaanza upya, akarudi katikati badala ya juu. Likashika kidogo, halafu likaachia. Mara ya tatu alipitisha, akarudi katikati, akalegeza mpaka nyuzi zikazama zenyewe kati ya shanga, akangoja, na wote walimwona akiinua kichwa kidogo kama mtu aliyeitwa. Ndipo akakaza.

Fundo likazama. Akavuta kwa nguvu, halikuteleza. Akampa Everlyne ashike upande mmoja, wakavutana mkufu kama kamba ya mchezo wa shule, na ukabaki imara. Chelangat akauweka mbele ya Nakhumicha. Sauti yake ilikuwa imeshuka, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi akasahau kujizuia.

"Mwalimu. Ni hili?"

Nakhumicha aliinama akalitazama. Alilitazama kwa macho yote mawili, kwa karibu, mpaka pumzi yake ikagusa shanga. Lilikuwa dogo, limelala vizuri. Pengine ni lenyewe. Pengine si lenyewe. Alilibuni chini ya leso tangu siku ya kwanza, katika nyumba ya wakwe yenye macho kila kona, na hakuwahi kulifunga nje ya leso. Vidole ndivyo vilivyolijua. Alikuwa amewaficha wote, na yeye mwenyewe akiwa mmoja wao. Maelfu ya mafundo, na hajawahi kuliona hata moja kabla halijachomwa.

Angeweza kusema ndiyo. Nani angebisha? Lakini Chelangat alikuwa akimtazama usoni, na uso ulikuwa umeshasema.

"Ni hili ama si hili?"

"Sijui," Nakhumicha akasema.

Chelangat alisubiri, labda kuna neno lingine linakuja. Halikuja. Akavuta mkufu ukarudi upande wake.

"Basi ni langu," akasema. Na ule u-Mwalimu ukawa umekwisha. "Njooni karibu, nyote. Angalieni. Sita chini ya tano, unarudi katikati, unalegeza mpaka zizame, ndipo unakaza. Everlyne, hebu tuone."

Everlyne alikosea mara mbili, mara ya tatu akapata, akapiga kelele ya furaha. Baada yake wakapata wengine, mmoja mmoja, kila mtu na mkufu wake kutoka kwenye kile kikapu. Nakhumicha aliketi katikati yao na mkono mezani, na wakawa wanamwomba asogee kidogo wachukue shanga. Ule wa kwanza ulioharibika walimtungia upya. Saa nane mikufu arobaini ilikuwa imefungwa, imechomwa ncha, imepangwa. Hata yeye asingeweza kuitofautisha na yake.

"Asante," akasema. Neno lilikuwa gumu kutoka. "Na Nangila... Usimwambie. Mwache ajue nimefunga mimi. Naomba hilo tu. Nikikosa kile chumba sina pengine."

Chelangat alikuwa ameshatoa simu kwenye mkoba. Alibonyeza, akaiweka sikioni, akasimama mlangoni ambapo kulikuwa na mtandao, na hakugeuka upande. Alimtazama Nakhumicha moja kwa moja.

"Haloo, Mama Nangila? Ni mimi, Chelangat wa Kitale. Ile kazi ya kufundisha hapo kanisani uliyoniuliza wiki jana, nimekubali. Ndiyo. Siku tatu kwa wiki, kuanzia Jumatatu. Hapana, sina masharti, ila chumba kitolewe lile pazia la dirisha." Akasikiliza. "Mikufu? Usiwe na wasiwasi, imeisha yote, tumefunga sisi hapa."

Nakhumicha alikuwa ameshainuka. Alipitisha mkono wa kushoto kwenye mpini wa kikapu, akauweka ule mwingine juu ya shanga ili usining'inie.

"Sasa hivi inakuja," Chelangat alikuwa akisema. "Nimempa mama mmoja hapa akuletee."